Mawese Ndani ya Moteri: Safari ya Chanjo Kutoka Uvira Hadi Juu ya Luvungi

Tangu nirudi, kila anayepita kwangu hapa mtaani Songo ananiuliza jambo lile lile: ulisema siku tatu, mbona zimekuwa nane? Nimechoka kusimulia vipande vipande. Huyu anapata mwanzo, yule anapata mwisho, kisha mnakutana sokoni mnabishana kuhusu safari ambayo hata mmoja wenu hakuwemo. Basi nimekaa chini niandike yote. Habari za karatasi za ruhusa nitaziruka, maana zilinichosha mara moja na sitaki zinichoshe mara ya pili.

Mnanijua nilivyo. Nikiona kitu kimefungwa, mkono unaniwasha. Nikiwa mdogo nilifungua saa ya mama yangu nione kinachogonga ndani, na ile saa haikugonga tena. Kumbukeni hilo mnaposoma, msije mkasema nilibadilika njiani.

Kutoka Mulongwe hadi Sange

Ujumbe ulitufikia sisi watu wa chanjo mwanzoni mwa wiki. Surua imeingia kwenye kituo kidogo cha afya mlimani, juu ya Luvungi, mahali watu wanapaita Kwa Msalaba. Watoto walikuwa wameanza kuzikwa. Chanjo tulikuwa nayo hapa Uvira, tena ya kutosha, lakini chanjo ya surua bila baridi ni maji tu. Kisanduku chetu cha baridi, kikijazwa barafu na kufungwa vizuri, kinavumilia siku mbili, na ukibahatika unapata ya tatu asubuhi. Baada ya hapo unawachoma watoto sindano ya bure na kuwadanganya mama zao.

Dereva alikuwa Bisimwa, mwanamume wa maneno machache ambaye alikuwa ameilinda ile pikipiki ya kazi tangu vita vianze. Iliachwa na mradi mmoja ulioondoka haraka, na kwa kweli ilikuwa ya fahari: ndefu, moteri ya kuchanganya esansi, yaani petroli, na mafuta, nyepesi kama mbuzi. Kila pikipiki nyingine niliyoijua mjini ilikuwa imekwisha chukuliwa na watu wenye bunduki. Hii ilibaki, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Tulivuka daraja la Mulongwe alfajiri, kisanduku kimefungwa mgongoni mwangu kama mtoto. Moshi uliotoka nyuma yetu ulikuwa mwingi mno. Mama mmoja aliyekuwa akipanga ndagala zake, vile visamaki vya ziwani, juu ya gunia alifunika pua kwa kitenge, akatupigia kelele:

"Bisimwa! Unachoma nyumba ao unaendesha piki?"

Bisimwa alicheka, akaendelea kwa mwendo wa mazishi. Baiskeli zilitupita. Mtu mwenye mkungu wa ndizi kichwani nusura atupite. Nilimgonga begani.

"Papa Bisimwa, barafu haitungoji."

"Mama, pole pole. Huku basoda banasikia."

Nilidhani anawaogopa askari tu. Tulipofika Sange tulikuta watu wamejaa barabarani, wamekaa juu ya mizigo yao. Huko mbele, upande wa Luberizi, kulikuwa na milio ya risasi, na askari walikuwa wamefunga njia. Tukakaa. Mama mmoja aliyeuza maharage alitupatia sahani moja na vijiko viwili, akatuuliza kama kisanduku kina samaki. Nilipomwambia ni dawa ya watoto, alikisukuma kwa mguu mpaka chini ya meza yake kivulini, akakifunika kwa majani ya mgomba, akakaa karibu yake kama mlinzi. Sikumjua, hakunijua, lakini hakutoka pale hadi jua lilipopoa.

Tulilala Sange. Siku moja ya barafu ikaenda hivyo.

Kutoka Sange hadi Luvungi, na mlima uliotukataa

Asubuhi njia ilifunguliwa. Kwenye kizuizi askari mmoja alituzunguka, akainusa pikipiki, akapanda mwenyewe. Ilikohoa, ikatoa wingu la moshi, ikaenda hatua chache ikilia kama mbuzi mgonjwa. Alishuka akimtazama Bisimwa kwa huruma.

"Hii ni mufu. Mwende nayo."

Bisimwa alipokea ufunguo kwa unyenyekevu, macho chini. Nikaona kitu mdomoni mwake, kama tabasamu lililomezwa. Nilikiweka akilini.

Saa nne tulikuwa Luvungi, na kutoka pale njia inaacha tambarare na kushika mlima. Hapo ndipo tulipoaibika. Bisimwa aliweka gia ya kwanza, akaongeza esansi, moteri ikapanda sauti hadi kiwango fulani, ikagota. Ikawa kama mtu ameishika koo. Akirudisha mkono inapumua, akiongeza inakabwa tena, pale pale. Nilishuka, nikasukuma. Tukapanda mwinuko mmoja, wa pili ukatushinda kabisa, tukarudi chini tukiwa tumelowa jasho.

Kwa miguu ni siku nzima, na hakuna mwanamume wa Luvungi aliyekubali kubeba kisanduku njia ile. Siwalaumu. Kila aliyeonekana na mzigo mgongoni alikamatwa akabebeshwa risasi. Nilikitikisa kisanduku sikioni. Barafu ikiwa ngumu hainyamazi wala haisemi, inagonga tu. Safari hii nilisikia maji yakicheza ndani, kidogo. Tusipopanda kufikia kesho asubuhi, kazi imekwisha.

Kwa Papa Mathias

Tulielekezwa kwa Papa Mathias, Mrundi wa pale tambarare, mkulima wa mpunga na fundi wa mashine za kukobolea. Mashine yake yenyewe ilikuwa imeibwa kipande kipande, kwa hiyo alikuwa akilima muhogo. Alipoona pikipiki ikisukumwa uani, aliacha jembe lake kabla hatujamaliza kusalimiana.

Alianza anavyoanza kila fundi, kwa buji, ile plagi ya kuwasha moto. Ilikuwa nyeusi na imelowa. Akaisafisha, Bisimwa akaenda nayo hadi kanisani na kurudi: ile ile. Akamimina esansi ndani ya chupa, akaitazama juani kama kuna maji. Hakuna. Akatoa sponji ya kuchujia hewa: ile ile. Akafungua kabireta, akapuliza vitundu vyake kwa mdomo hadi mashavu yakawa ya duara: ile ile. Akatoa bomba la moshi, akalichoma motoni, masizi yakaanguka kama ugali ulioungua. Hapo nilijua tumepona. Bisimwa akaenda kanisani, akarudi ameinamisha kichwa.

"Iko inakwama pale pale, Papa."

Ni hilo neno lililonikamata, pale pale. Ugonjwa wa esansi chafu unakuja na kuondoka. Huu haukubadilika hata kidogo. Nilikumbuka wagonjwa wangu wenye koo lililoziba: maji yanapita vizuri, uji unapita, ugali haupiti. Moshi mdogo ulipita. Moshi mwingi wa mwendo mkubwa ndio haukupata njia. Basi mlango wa kutokea uko wapi?

Nikachuchumaa. Pale moshi unapotoka kwenye silinda, kabla ya bomba, upande wa kushoto, kulikuwa na kigurudumu kidogo kama kifuniko cha chupa, na nyaya mbili nyembamba zinakivuta huku na huku.

"Na hii ni ya nini?"

"Ni ya pompi ya mafuta," alisema Mathias.

"Ni ya kuhesabu kilometa," alisema Bisimwa.

Nilifuata nyaya kwa kidole. Hazikufika kwenye pompi, hazikufika kwenye kilometa. Zilipanda hadi kwenye kijisanduku chenye waya wa umeme chini ya tangi.

"Papa Mathias, haiwezi kuwa supape? Ya kufungulia moshi?"

Alisimama wima. Nilikuwa nimeingilia dini yake.

"Mama Muganga, sikia. Moteri ya kuchanganya haiko na supape. Njo sababu banaipenda. Miye nimetengeneza moteri tangu sijaoa. Haiko na supape!"

"Sawa. Basi iitwe jina lingine. Bisimwa, zungusha ufunguo, usipige teke."

Bisimwa akazungusha. Waya mmoja ukavutika, ukatetemeka, ukalegea. Ndani ya kijisanduku kukatoka mlio mfupi wa mbu, ukakatika. Kigurudumu hakikusogea.

"Zamani ilikuwa inalia murefu," alisema Bisimwa polepole. "Ziii, na hii kitu inazunguka, inarudi. Kila asubuhi. Kisha ikaacha. Nikasema, bora, haile umeme."

Mathias alijaribu kukizungusha kwa vidole, kisha kwa koleo. Kama kimejengewa. Nilimwona akikitazama, hasira yake ikiyeyuka na kuwa udadisi, na tangu hapo nilimpenda yule mzee.

"Aya," alisema. "Tuifungue hii kitu isiyokuwako."

Kilichokuwa ndani

Kabla ya kugusa skrubu hata moja niliwazuia. Nilitoa chupa yangu ya dawa ya zambarau, ile tunayopaka vidonda vya mdomoni, nikachora mstari kwenye kigurudumu na kwenye silinda, na mwingine kwenye kila waya, ili turudishe kila kitu mahali pake. Mathias alisema hajawahi kuona moteri ikipakwa dawa ya watoto.

Ilichukua muda mrefu kuitoa, na tulimwagia mafuta ya taa mara nyingi. Ilipotoka ilikuwa kama mwiko mfupi wa chuma, wa mviringo, uliochongwa upande mmoja, vipande viwili vimeunganishwa kwa skrubu. Nikaielewa palepale, na niwaambieni ukweli, nilisahau hata barafu kwa muda. Moteri ikienda polepole, ule mviringo unafunika nusu ya mlango wa moshi, nguvu isipotee. Ikienda kasi, zile nyaya zinauzungusha, upande uliochongwa unakaa juu, mlango unakuwa mpana. Mtu fulani mbali sana aliwaza jambo hilo akalichonga. Yetu ilikuwa imegandishwa mlango ukiwa umefungwa nusu, imezungukwa na kitu cheusi kinachonata kama karameli.

Wakati huo mke wa Mathias, Mama Spesioza, alikuwa akitoka jikoni na sufuria. Alisimama, akanusa hewa, akanusa tena. Akaweka sufuria chini, akachukua kile chuma mkononi mwangu na kukipeleka puani.

"Lakini hii ni mawese! Mawese ya kuungua. Nani anapika ndani ya piki?"

Tukamtazama Bisimwa wote watatu. Bisimwa akatazama kuku.

Basi ikatoka. Tangu pikipiki za wenzake zianze kuchukuliwa, alikuwa akimimina mawese ndani ya esansi, kikombe kwa kila tangi, ili itoe moshi mwingi na kunuka kama inakufa. Na alikuwa akiiendesha polepole kila siku, asiipandishe sauti hata kidogo, ili asitamaniwe na mtu. Kila kizuizi askari walijaribu, walikohoa, walimrudishia. Ndivyo ilivyobaki peke yake mjini. Aliigiza ugonjwa wa pikipiki mpaka ugonjwa wenyewe ukaja, maana mlango ule usipofunguliwa kwa kasi hata siku moja, na mafuta ya kupikia yakipikwa juu yake kila siku, utaacha vipi kuganda?

"Weye," alisema Mama Spesioza, sauti yake ndogo lakini inauma, "tunakula sombe kavu tangu Pasaka, na weye unapa piki mawese?"

Mimi sikuwa na haki ya kumlaumu, kwa kuwa nilikuwa nimepanda nyuma ya moshi ule mwezi baada ya mwezi, kazini na nyumbani, na sikuuliza.

Tulikikwangua. Mathias alikataza kisu, kisije kikakwaruza, kwa hiyo nilitoa vijiti vyangu vya kubania ulimi wa mgonjwa, tukakwangua navyo, tukaosha kwa mafuta ya taa, tukakwangua tena. Kidole changu ndicho kilichoingia kwenye tundu la silinda, maana vyao vilikuwa vinene. Mafuta halisi ya kuchanganya hayakuwepo Luvungi nzima. Mathias alikuwa na nusu chupa ya mafuta safi ya moteri aliyoificha kwenye paa kwa siku ambayo mashine yake ingerudi. Aliitazama kidogo, akanipa. Nilipima kwa bomba la sindano, asije Bisimwa akapima kwa kikombe.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipofunga skrubu ya mwisho, mistari ya zambarau ikitazamana. Bisimwa alizungusha ufunguo. Ziiii. Kigurudumu kikaenda, kikarudi. Papa Mathias alivua kofia.

"Aya, iko na supape," alisema. "Lakini msiambie muntu."

Tulikula sombe yao kavu, kisamvu kisicho na tone la mafuta. Bisimwa alikula kidogo sana.

Kwa Msalaba

Tuliondoka kulipopambazuka. Nilikuwa nimekaa nyuma ya pikipiki ile miezi mingi nikidhani naijua; laiti mngekuwepo. Ilifika pale ilipozoea kukwama, ikapita. Sauti ikafunguka, ikawa nyembamba na safi, na mlima ukaanza kushuka chini yetu. Hakukuwa na moshi. Nilicheka kwa sauti kama mwendawazimu. Bisimwa hakucheka.

"Mama, banatusikia mpaka chini, mutoni Ruzizi."

"Panda tu."

Juu walikuwa wametusikia pia. Akina mama walikuwa wamejipanga kabla hatujafika, na muuguzi wa kituo, kijana aliyekuwa hajalala siku nyingi, hakusalimia. Alifungua kisanduku, akashika kipande cha barafu, akakaa chini. Kilikuwa kimebaki kidogo kuliko ngumi, lakini kipimajoto kilikuwa bado upande wa baridi. Tulichoma siku ile na siku iliyofuata. Bibi mmoja alileta mjukuu wake na kumshika mkono mwenyewe asitikisike. Nilimuuliza kama kuna mtoto mwingine nyumbani. Alisema yule mwingine wamekwisha mzika, tumemchelewa siku tatu tu. Hakulisema kwa lawama. Nikahesabu kimoyomoyo mara ngapi tulipanda milima hii kwa mwendo wa mazishi, na sikupenda nilichokipata.

Kurudi

Bisimwa alitafuta mawese Kwa Msalaba kote. Hayakuwepo. Basi tulishuka taratibu, moteri chini kabisa, mpaka kwenye kizuizi cha kutokea Luvungi. Mkubwa wa pale alikuwa na taulo shingoni na adabu nyingi.

"Mama, jambo. Piki iliyopanda mulima juzi asubuhi, ni hii?"

"Hapana, shefu," alisema Bisimwa. "Hii iko mugonjwa."

Shefu akaomba ufunguo. Ziiii. Akapiga teke, akaondoka kuelekea Bwegera hadi tukabaki na mlio tu, kisha mlio ukarudi, na yeye juu yake akitabasamu kama bwana harusi.

"Ugonjwa iko wapi?"

Hakutupiga, hakututukana. Alitusaidia hata kushusha kisanduku kitupu. Kisha akamuuliza Bisimwa, "Inakunywa nini?" Bisimwa aliinama kufunga kamba za kisanduku. Na mimi, sijui niseme nini, nilimjibu. Nilimwambia mafuta ya namna gani na kwa kipimo gani, asiweke kamwe mafuta ya kupikia, na asiiendeshe polepole kila siku, aipandishe sauti ili mlango wake ujisafishe. Nilimwonyesha hata mistari ya zambarau. Alinisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu wa uuguzi.

Tulitembea. Bisimwa hakunisemesha hadi karibu na Sange, siku ya pili yake, miguu ikiwa imetuvimba.

"Kwa nini ulimuambia? Angeweka mawese, ingekufia mikononi mwake."

Nilikuwa na hasira kama yeye, na nililia njiani mara mbili, mara moja kwa sababu ya pikipiki na mara moja kwa sababu ya yule mtoto tuliyemchelewa siku tatu. Lakini kitu kile nilikuwa nimekishika mkononi. Nilikuwa nimekwangua koo lake kwa vijiti vyangu. Sikuweza kumwachia mtu alizibe tena, hata mtu yule. Nilimwambia hivyo. Hakuelewa, au alielewa akakataa.

Siku ya nane tulivuka daraja la Mulongwe kwa miguu. Yule mama wa ndagala alituona kutoka mbali, akapiga makofi.

"Bisimwa! Na piki?"

Bisimwa alipita bila kusimama.

"Ilipona," alisema.